Kuusaidia mzizi kuifikia fosforasi iliyofungwa: nilivyofanya kwenye udongo mwekundu wa Mbozi

Mahindi kwenye shamba la marehemu mama yangu, huku Mbozi, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, yalikuwa yakigeuka zambarau kila Desemba. Yalichipua vizuri, yakafika majani manne au matano, kisha kingo za majani ya chini zikaanza kupiga zambarau na mche ukadumaa wiki mbili, tatu, huku magugu yakiupita. Mama alisema shamba limechoka. Mimi nilikuwa bibi shamba wa kata ya jirani, na jibu langu lilikuwa lile nililozoea kuwapa watu: zambarau ile ni njaa ya fosforasi, ongezeni DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi. Tukaongeza misimu mitatu mfululizo. Katikati ya shamba kulikuwa na kichuguu cha zamani kilichosambaratika, ambacho hakuna aliyekitilia mbolea, na mahindi yaliyoota juu yake ndiyo pekee yaliyokuwa ya kijani.

Msimu wa nne niliacha kutazama majani, nikachukua koleo.

Nilichimbua mche mmoja wa kichuguuni na mwingine hatua kumi pembeni, nikailoweka kwenye ndoo mbili za maji. Wa kichuguuni ulitoka na udongo ulioshikamana na mizizi kama koti, ilibidi niusugue kwa vidole. Mizizi ilikuwa myeupe, mirefu, imetawanyika pande zote karibu na uso wa ardhi. Ule mwingine, udongo uliporomoka wenyewe kama majivu. Mizizi yake ilikuwa michache, mifupi, minene, na ncha zimekuwa za kahawia kana kwamba zimeunguzwa. Nikakaa pale kwenye tuta nikijiuliza ni kwa nini miaka yote ile ya ugani nimefundisha watu kusoma majani na sijamfundisha hata mmoja kusoma mizizi. Haya ninayoandika ni ya kulipa deni hilo.

Hesabu inayoshangaza

Udongo wa ekari moja, ukiuhesabu hadi sentimita 20 kwenda chini, una uzito wa tani elfu moja hivi. Udongo mwingi wa nchi zetu za joto una miligramu mia mbili hadi mia nane za fosforasi kwa kila kilo. Chukua mia nne: ekari yako ina kilo 400 za fosforasi. Sasa ukivuna magunia 20 ya mahindi, punje hizo zinaondoka na kilo sita tu. Kwa hesabu hiyo tungelima miongo kadhaa bila kununua mfuko.

Ila fosforasi iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo kwa saa hii, ile ambayo mzizi unaweza kuinywa sasa hivi, kwa ekari nzima ni gramu chache ambazo unaweza kuzishika kwenye kiganja. Nyingine yote imefungwa. Kwenye udongo mwekundu wenye tindikali kama wetu imeshikwa na chuma na alumini. Kwenye udongo wa chumvichumvi na chokaa, kama ule wa mabonde makavu, imeshikwa na kalsiamu. Na sehemu kubwa, mara nyingi theluthi hadi zaidi ya nusu, imo ndani ya mboji na mabaki ya mimea na vijidudu.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonifungua macho. Nitrojeni ikiyeyuka husafiri na maji mpaka mlangoni kwa mzizi. Fosforasi haisafiri. Katika siku kadhaa inasogea milimita moja, mbili kwa bahati, basi. Mzizi ukishaimaliza iliyo jirani yake, unakaa katikati ya pete ya udongo uliokaushwa fosforasi, wakati kidole kimoja pembeni ipo tele. Kwa hiyo mmea hauna budi kuifuata yenyewe ilipo, na ikiwa imefungwa, kuifungua.

Namna ya kuifuata ni kuotesha vinyweleo, vile vijinywele vyembamba nyuma ya ncha ya mzizi, ambavyo havizidi sana milimita moja na huishi siku chache. Koti la udongo nililoliona kichuguuni lilikuwa limeshikwa na vinyweleo hivyo. Njia nyingine ni kueneza mizizi juu juu, kwa sababu fosforasi nyingi iko kwenye tabaka la juu. Njia ya tatu ni kushirikiana na kuvu wa mizizi, mikoriza, nitakaowaeleza kwa kirefu. Na kufungua, mzizi hufanya kwa kutoa vitu: asidi kama ya sitriki, ya maliki na ya oksaliki, ambazo hukamata chuma na alumini na kuilazimisha fosforasi iachiwe, pamoja na vimeng'enya vinavyoikata fosforasi kutoka kwenye mboji. Mzizi ulio na ncha zilizoungua hauwezi hata moja kati ya haya.

Chimba kwanza

Fanya hivi wiki ya tatu au ya nne baada ya kuota, udongo ukiwa na unyevu lakini hautoi matope. Chagua miche mitano pale pabaya na mitano pale pazuri. Usiivute kwa mkono, ukivuta unaacha nusu ya habari ardhini. Piga koleo wima sentimita 20 kutoka kwenye shina, pande nne, kisha inua bonge zima. Kabla ya kuosha, litikise taratibu na uangalie ni udongo kiasi gani unabaki umeshikilia mizizi. Ukibaki kama shati lililobana, vinyweleo vipo. Ukianguka wote, hesabu kuwa mche huo unaishi kwa mizizi mitupu.

Kisha loweka bonge kwenye ndoo dakika kumi, osha polepole, tandaza mizizi juu ya gunia jeusi au sahani ya rangi ya giza. Mizizi mifupi na minene yenye ncha za kahawia ni alama ya alumini. Mizizi iliyopinda yote na kwenda kombo kwenye kina kimoja inakuambia kuna tabaka gumu la jembe au la trekta, na hapo mbolea yoyote itakayofuata ni hela inayopotea mpaka tabaka livunjwe. Mizizi myeupe, mirefu, iliyo mingi, na bado majani ni zambarau? Usikimbilie kulaumu udongo. Huku kwetu baridi ya siku chache nayo hupaka mahindi machanga zambarau, na yakipata jua yanarudi.

Kwa maharage, tazama pia mwelekeo. Mizizi inayotoka chini kidogo ya shina ikilala kwenda pembeni, mbegu hiyo inatafuta fosforasi ya juu. Ikizama moja kwa moja, inatafuta maji. Nchini Msumbiji watafiti walilinganisha maharage ya namna tofauti kwenye udongo maskini wa fosforasi, na matokeo yao ya mwaka 2015 mimi huyasimulia kila ninapopata watu wa kunisikiliza: vinyweleo virefu peke yake viliongeza ukuaji kwa asilimia 89, mizizi ya juu juu peke yake asilimia 58, lakini mmea wenye vyote viwili ulizidi kwa asilimia 298. Kwa hiyo unapochagua mbegu ya kuhifadhi, usiangalie punje tu. Nina aina mbili za maharage ya kienyeji nilizopewa na shangazi, na niliyobaki nayo ni ile ambayo mizizi yake hulala.

Pima, lakini uliza vizuri

Chukua udongo sehemu 15 hadi 20 kwa kwenda kombokombo shambani, kina cha sentimita 20, ukikwepa mahali pa zizi la zamani, pa jivu na kwenye kichuguu. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, anika kivulini, peleka nusu kilo. Omba vitu viwili tu ikiwa fedha ni kidogo: pH, yaani kipimo cha tindikali (namba ikishuka, tindikali imezidi), na fosforasi inayopatikana. Uliza imepimwa kwa njia gani, maana Bray inafaa udongo wa tindikali na Olsen inafaa zaidi ule wa chokaa, na namba za njia moja hazilinganishwi na za nyingine. Shamba la mama lilikuja na pH 4.8. Nilipoiona namba hiyo nilielewa kwa nini DAP yetu ilikuwa ikimezwa na ardhi.

Ponya mzizi kabla ya kuulisha

Chini ya pH 5.5 hivi, alumini huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni chokaa ya kilimo, kwa kipimo ulichopewa na maabara. Mimi niliambiwa kilo 800 kwa ekari. Isambaze sawasawa shamba zima, ichanganye na udongo mpaka kina cha sentimita 15, na ifanye kazi hiyo mapema, mwezi mzima au zaidi kabla ya kupanda, na udongo uwe na unyevu. Sisi wenye msimu mmoja wa mvua tunaweza kuimwaga Aprili, ardhi ikiwa bado mbichi, halafu ikakaa mpaka Novemba.

Lengo ni 5.5, au 6 ukitaka. Ukiipandisha mpaka 7 umehamisha tatizo: kalsiamu nayo inaanza kuifunga fosforasi, na zinki inaadimika. Jivu la kuni safi hufanya kazi ya chokaa kwenye bustani ndogo, na lina fosforasi kidogo ndani yake. Kwa ekari nzima halitoshi.

Mbolea ya mfukoni iwe karibu, ya jiwe isambazwe

Hapa ndipo nimeona makosa mengi, na mengine nimeyafundisha mwenyewe.

DAP na TSP, mbolea nyingine ya fosforasi, huyeyuka upesi. Ukizimwaga shamba zima kwenye udongo mwekundu, kila punje inazungukwa na chuma na alumini na inafungwa haraka. Ziweke shimoni, sentimita tano pembeni na chini kidogo ya mbegu, ufunike kwa udongo kabla ya kuweka mbegu. Hivyo udongo unaoigusa mbolea ni mdogo, unashiba haraka, na inayobaki inaunywesha mzizi mchanga pale pale unapotokea. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 una mashimo kama elfu 18 kwa ekari. Kizibo cha soda kilichojaa DAP nilikipima kwenye mizani ya duka kikatoa gramu tano na kidogo, kwa hiyo kizibo kimoja kwa shimo ni mifuko miwili ya kilo 50. Kama una mfuko mmoja, nusu kizibo kwa kila shimo ni bora kuliko kujaza nusu ya shamba na kuacha nusu.

Fosfati ya Minjingu ni kinyume chake. Inachimbwa wilayani Babati, karibu na Ziwa Manyara, na asili yake ni vinyesi na mabaki ya ndege wa ziwa la kale. Unga wake una kiasi cha asilimia 28 hadi 30 ya P₂O₅, yaani fosforasi ikihesabiwa pamoja na oksijeni iliyoungana nayo. Mifuko yote huandikwa hivyo, kwa P₂O₅, na ukitaka kujua fosforasi halisi unazidisha kwa 0.44. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo sita za fosforasi na ushee. Jiwe hili haliyeyuki kwa maji matupu. Linayeyushwa na tindikali ya udongo na ya mizizi, na linataka udongo wenye kalsiamu kidogo, unyevu, na muda. Udongo wetu mbaya ndio jiko lake. Sasa ukilirundika shimoni kama DAP, chembe za katikati ya rundo haziigusi tindikali kabisa. Lichukue likiwa unga laini kama lilivyo, limwage shamba zima, lichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Mimi niliweka mifuko minne kwa ekari, mara moja, kwa hesabu ya misimu mitatu.

Na si kila jiwe la fosfati liko hivyo. Lipo lingine mlimani Panda, hapa hapa kwetu njia ya kwenda Mbeya, lakini lile limetokana na mwamba wa volkano, fuwele zake ni ngumu, na mzizi hauliwezi bila kiwanda kulichakata kwanza. Kuwa karibu na nyumbani hakulifanyi liyeyuke.

Jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, aliniita siku moja nikaone shamba lake. Alikuwa amenunua chokaa na Minjingu kwa fedha ya kahawa, akavichanganya na kuvimwaga siku moja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimefuata yote mliyosema. Mbona mahindi yamekaa vile vile?"

Iliniuma, kwa sababu alikuwa amefuata kweli. Hakuna aliyemwambia kwamba chokaa huizima ile tindikali ambayo jiwe linaitegemea, na kalsiamu yake inazidi kulizuia lisiyeyuke. Ukitaka vyote viwili, weka jiwe kwanza, lipe msimu mmoja au miwili, ndipo ulete chokaa, tena ya kufikia 5.5 tu. Au gawa shamba kama nilivyofanya: nusu ya juu ilipata chokaa na DAP ya shimoni, nusu ya chini ikapata Minjingu bila chokaa.

Wakazi wa mizizi wasiuawe

Kuvu wa mikoriza huingia ndani ya mzizi na kutandaza nje nyuzi nyembamba kuliko vinyweleo, zinazofika sentimita kadhaa, mbali kabisa na ile pete iliyokaushwa. Wanaleta fosforasi, mmea unawalipa sukari, na malipo si madogo: kati ya asilimia 4 na 20 ya chakula chote unachotengeneza. Mahindi, mtama, maharage, vitunguu, migomba, kahawa, viazi vitamu, vyote vinawategemea. Muhogo unawategemea kupita kiasi, ndiyo maana unaota mahali ambapo mahindi yameshindwa.

Huhitaji kununua kuvu hawa kwenye chupa. Wamo ardhini. Kazi yako ni kutowaua. Kila ukitifua udongo kwa kina unakata nyuzi zao, kwa hiyo lima mashimo au mstari wa kupandia tu pale inapowezekana. Usiache ardhi uchi muda mrefu bila mmea hai, maana hawana pa kula. Usirundike fosforasi nyingi kuliko inavyohitajika, maana mmea ukishiba unawafukuza.

Na angalia zao linalotangulia. Kabichi, sukuma wiki, chainizi, mchicha na spinachi hazishirikiani nao kabisa. Nilikuwa na robo ekari ya kabichi karibu na kijito, misimu miwili mfululizo, biashara ikiwa nzuri. Mwaka uliofuata nikapanda mahindi pale, pamoja na mbolea iliyobakia ya kabichi, na yakatoka zambarau kuliko ya kule juu. Siku hizi nikitoa kabichi, naingiza maharage kwanza, kisha mahindi. Maharage yanawarudisha wakazi wangu.

Mbaazi, mfunguaji wa chuma

Kati ya mazao yote ninayoyajua, mbaazi ndiyo iliyonipa heshima ya pekee kwa mizizi. Watafiti wa ICRISAT, kituo cha utafiti wa mazao karibu na Hyderabad nchini India, walichapisha mwaka 1990 kwamba mbaazi inaweza kula fosforasi iliyofungwa na chuma, ile ambayo mtama na mahindi hayaigusi, kwa sababu mizizi yake hutoa asidi ya pisidiki inayokishika chuma na kukiachisha. Ukipanda mbaazi pamoja na mahindi, mahindi yenyewe hayanufaiki sana mwaka ule ule. Faida inakuja majani ya mbaazi yanapopukutika na mizizi kuoza: kilichokuwa kimefungwa na chuma sasa kimo kwenye majani malaini ambayo vijidudu wanayaoza upesi.

Kwa hiyo masharti ni mawili. Panda mstari mmoja wa mbaazi kila baada ya mistari miwili ya mahindi, siku ile ile, maana mbaazi hukua polepole na haitayasumbua mahindi. Na ukishavuna, usiuchome mti wala usiyapeleke majani yote kwa mbuzi. Shina chukua kuni, majani yabaki shambani. Huku Mbozi tunapanda zinazokomaa mapema kidogo, kwenye miinuko yenye baridi kali zaidi zinakawia sana kutoa maua.

Njegere, dengu na soya nazo, zikijitengenezea nitrojeni, hutoa tindikali kuzunguka mzizi. Hilo ni zuri kwa jiwe la Minjingu na kwa udongo wa kalsiamu. Kwa sababu hiyo hiyo, mbolea za amonia kama SA (salfeti ya amonia) husaidia kidogo kufungua fosforasi mahali penye kalsiamu nyingi, lakini ukizitumia miaka na miaka kwenye udongo wa 4.8 unauita ule moto wa alumini urudi.

Alizeti pori

Ile mimea mirefu yenye maua ya njano inayopakana na barabara na mashamba, wengine wanaiona kuwa gugu. Majani yake makavu yana asilimia 3.5 ya nitrojeni, 0.37 ya fosforasi na zaidi ya 4 ya potasiamu. Namba ya katikati ndiyo ya kuikumbuka. Mabaki yenye chini ya asilimia 0.2 ya fosforasi, kama mabua ya mahindi, yakizikwa yanailazimisha jamii ya vijidudu kunyang'anya fosforasi ya udongo ili wayaozeshe, na mche unaachwa na njaa wiki kadhaa. Alizeti pori iko juu ya mstari huo, kwa hiyo inatoa badala ya kuchukua. Tena inapooza hutoa asidi zinazokaa kwenye viti ambavyo fosforasi ingenaswa.

Kata vikonyo laini na majani kabla maua hayajafunguka, mashina magumu yaache. Katakata, tia kilo moja mbichi kwenye shimo la nyanya, au mikono miwili iliyojaa kwa shimo la mahindi, fukia, subiri siku saba hadi kumi ndipo upande. Kwa ekari nzima ingetakiwa tani kumi na zaidi za majani mabichi, na sitamwambia mama mwenye mtoto mgongoni abebe mzigo huo. Itumie kwenye mboga, kwenye kitalu, na kwenye zile sehemu za shamba ulizozikuta na mizizi mibaya. Nami nimejifunza kuichanganya na Minjingu na samadi kwenye lundo la mboji miezi mitatu, tabaka kwa tabaka, unga wa jiwe ukiwa kama chumvi kwenye mchuzi. Haigeuzi jiwe lote, ila mahindi yangu huanza kulifaidi mapema kuliko lile lililomwagwa peke yake.

Hakikisha kwa macho yako

Usichukue neno langu. Tenga vipande vinne shambani, kila kimoja mistari minne yenye urefu wa mita kumi, kwenye sehemu inayofanana. Cha kwanza bila fosforasi. Cha pili DAP shimoni. Cha tatu Minjingu iliyomwagwa. Cha nne Minjingu na mboji ya alizeti pori. Nitrojeni iwe sawa kote: DAP ina asilimia 18 yake na mboji nayo ina ya kwake, kwa hiyo urea ya kukuzia ipunguze hapo kwa kiasi hicho, la sivyo utalinganisha nitrojeni ukidhani unalinganisha fosforasi. Palilia vyote siku moja.

Wiki ya nne chimbua miche mitatu kutoka kwenye mistari ya pembeni ya kila kipande, osha, tandaza, piga picha kwa simu juu ya gunia lile lile. Wakati wa kuvuna chukua mistari miwili ya katikati tu, puchua, kausha, pima kwa mizani. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe ya mvua ya kwanza.

Mwaka wa kwanza kwangu DAP iliongoza waziwazi na kipande cha Minjingu peke yake kilikuwa juu kidogo tu ya kile kisichopewa kitu. Ningeng'oa vigingi siku hiyo, ningesema jiwe halifai. Msimu wa pili, bila kuongeza fosforasi popote, cha DAP kilishuka na cha Minjingu kikapanda. Huu ni msimu wa tatu. Wiki iliyopita nilipiga koleo kwenye kipande cha nne, nikainua bonge na kulitikisa, na udongo ukabaki umeshika.